Kichwa Chepesi, Kichwa Kizito: Je, Kumbukumbu Hurithiwa?



Muhula uliopita, siku ya kugawa ripoti, baba mmoja alibaki kwenye benchi wakati wazazi wengine wameshatawanyika. Mkononi alikuwa na ripoti mbili, moja ya mtoto wake wa kiume na nyingine ya binti wa darasa la tano. Ya kijana ilikuwa nzuri. Ya binti ilijaa wino mwekundu, hasa kwenye historia, sayansi na Kifaransa, yaani yale masomo ya kushika kichwani. Akatuambia bila hasira:

"Walimu wangu, huyu naomba nimpumzishe. Akae nyumbani amsaidie mama yake maji na kuni. Nyinyi mnajichosha bure. Kichwa chake amekitoa kwa wajomba zake, na kule hakuna mtu aliyewahi kushika kitu. Ni damu. Siyo kosa lake, na siyo kosa lenu."

Tulimwomba atuachie binti mpaka mwisho wa muhula unaofuata. Akakubali, lakini tuliona kabisa ni kwa kutuheshimu tu. Alipoondoka tukabaki tunatazamana, maana maneno yale hatukuyasikia kwake kwa mara ya kwanza. Sisi wenyewe tumeyasema. Ukikaa na walimu chini ya mti wakati wa mapumziko utasikia: "Wale wa nyumba ile vichwa vizito, hata kaka yao alikuwa hivyohivyo." Tunasema, tunacheka, halafu tunaingia darasani na kumwuliza maswali yule tunayemwona ana kichwa chepesi. Yule mwingine tunamruka.

Basi tukajiuliza kwa dhati: ni kweli uwezo wa kukumbuka unatoka kwenye damu ya ukoo? Tukatafuta, tukasoma, tukaulizana. Tuliyoyakuta tunawaletea leo. Na kumbe baadhi ya yale ambayo wataalamu wanayajua kuhusu jambo hili waliyapata kwa wakimbizi kama sisi, katika kambi ya nchi jirani.

KUMBUKUMBU SIYO GUNIA MOJA

Wengi tunadhani kumbukumbu ni kama gunia. Mwingine kapewa kubwa, mwingine dogo. Lakini sivyo ilivyo.

Mwaka 1953 huko Marekani, kijana mmoja wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison alipasuliwa ubongo kwa sababu ya kifafa kikali. Daktari alimtoa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua. Ila tangu siku hiyo Henry hakuweza tena kushika jambo jipya. Daktari akitoka nje na kurudi baada ya dakika chache, Henry anamsalimia kama mgeni. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka, lakini ya leo yalimpita kama maji kwenye chujio. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008, akiwa na miaka 82.

Sasa sikieni ajabu yake. Mtaalamu aliyeitwa Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, jaribuni nyumbani. Henry alifanya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila siku mkono ulizidi kuwa mzuri. Lakini ukimwuliza, anakwambia hajawahi kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Mkono ulikumbuka, yeye hakukumbuka.

Hapo ndipo wataalamu walipoelewa kwamba kumbukumbu ziko za aina nyingi. Kuna ya kushika namba ya simu kwa sekunde chache. Kuna ya matukio, kama siku uliyovuka mpaka. Kuna ya maarifa, kama jina la mji mkuu. Kuna ya mikono, kama kusuka au kuendesha baiskeli. Mtu anaweza kuwa mzito huku na mwepesi kule. Yule binti wetu wa wino mwekundu, kwa mfano, anajua nyimbo za kwaya zote mpaka ubeti wa mwisho, na anasuka nywele kwa mitindo ambayo sisi hatuijui hata kwa majina. Huyo tunasemaje kwamba hashiki kitu?

DAMU, YAANI JENI

Tunaposema "ni damu", wataalamu wanasema "ni jeni". Jeni ni kama maelekezo ya kupika. Kila chembe ya mwili ina maelekezo hayo, yameandikwa kwenye vinasaba, vile vinavyoitwa DNA. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini, nazo zimepangwa kwenye nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Nyuzi 23 zinatoka kwa baba, 23 kwa mama.

Tusimame hapa kidogo. Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo mzee wetu anaposema kichwa cha binti kimetoka kwa wajomba peke yao, anasahau kwamba nusu ya vinasaba vya binti ni vyake yeye mwenyewe. Na yule kijana aliyepata alama nzuri, mama yake ni huyohuyo! Wajomba ni walewale. Mambo ya urithi hayaendi kwa mstari mnyoofu kama tunavyopenda kuyasimulia tukiwa na hasira na mashemeji.

PACHA WANATUFUNDISHA NINI

Ili kujua jeni zina nguvu kiasi gani, wataalamu huwatazama pacha. Pacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Pacha wasiofanana wanashirikiana nusu hivi, kama ndugu wa kawaida. Kama pacha wa kufanana wanakaribiana zaidi katika kukumbuka kuliko wale wengine, basi jeni zina mkono.

Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa Sweden uliowapima pacha wa miaka 80 na kuendelea, jozi 240. Upande wa kumbukumbu, jeni zilieleza karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu, asilimia 52. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea kabisa. Urithi upo.

Lakini hiyo "nusu" tuielewe vizuri, kwa sababu inapotosha watu wengi. Haina maana kwamba nusu ya kichwa cha mtoto wako imefungwa na kufuli. Ina maana kwamba kati ya wazee wale wa Sweden, watu wa nchi moja ambao maisha yao hayakupishana sana, nusu ya tofauti zao ilitokana na jeni.

Chukua debe la mbegu za mahindi zilizochanganyika. Nusu ipande kwenye shamba lenye rutuba na maji, nusu ipande kwenye kokoto. Ndani ya shamba zuri, mhindi mrefu na mfupi watatofautiana kwa sababu ya mbegu, maana udongo na maji ni vilevile. Ndani ya kokoto ni hivyohivyo. Lakini ukilinganisha shamba na shamba, tofauti yote imeletwa na udongo. Sasa sisi hapa kambini, mtoto mmoja anakunywa uji asubuhi na mwingine anakuja na njaa. Mmoja ana taa ya sola, mwingine giza. Kabla hatujailaumu mbegu, tumeangalia udongo?

JENI ZENYEWE NI ZIPI?

Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi na Marekani walitangaza jeni moja iitwayo KIBRA. Waliwapa vijana wa Uswisi maneno 30 ya kusikiliza, kisha baada ya dakika tano wakawaambia wayataje. Wale wenye umbo fulani la jeni hiyo walikumbuka maneno zaidi kwa asilimia 24 hivi kuliko wasiokuwa nalo. Jina KIBRA limeunganishwa kutoka maneno ya Kiingereza ya figo na ubongo, kwa sababu ndiko jeni hiyo inakofanya kazi. Mwaka 2024 watafiti wengine walionyesha kwa panya kwamba KIBRA hufanya kazi kama gundi: inashikilia protini nyingine mahali pake, pale chembe za ubongo zinapoungana, ili kumbukumbu isibanduke siku zinapopita.

Ipo pia BDNF, ambayo tunaweza kuilinganisha na mbolea ya chembe za ubongo. Mwaka 2003 ilionekana kwamba wenye umbo moja la jeni hiyo walikumbuka matukio vibaya kidogo kuliko wenzao.

Ila angalieni neno "kidogo". Kumbukumbu haina jeni moja ya bwana mkubwa. Ni jeni nyingi sana, kila moja inachangia punje yake, na baadhi ya matokeo hayo yalipopimwa tena kwa watu wengine yalitoka hafifu. Hakuna kipimo cha damu au cha mate kinachoweza kusema mtoto huyu atafaulu na huyu hatafaulu. Akija mtu kukuuzia kipimo hicho, mwambie apite.

Na mazoezi je? Mwaka 1980 huko Marekani ulitangazwa utafiti juu ya mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana wa kawaida tu. Alikuwa anasomewa namba moja moja kisha azirudie. Mwanzoni aliweza 7, kama sisi wote. Akafanya mazoezi, jumla ya saa zaidi ya 230. Mwisho aliweza namba 79! Siri yake ni kwamba alikuwa mkimbiaji, basi akazigeuza namba kuwa muda wa mbio: hii ni ya maili moja, hii ni ya mbio ndefu. Alipopewa herufi badala ya namba, akarudi kulekule kwenye sita hivi. Kichwa hakikuongezeka ukubwa. Alikuwa amepata njia ya kuzifungamanisha namba na kitu anachokijua.

WAKIMBIZI WA NAKIVALE

Sasa tuje kwenye lile lililotugusa zaidi.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, wilaya ya Isingiro. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na baadaye yamepokea Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Wengi wenu mna ndugu huko.

Watafiti wa Uswisi na Ujerumani walikuwa na swali hili. Kila mmoja wetu anajua kwamba jambo la kutisha halisahauliki. Hukumbuki ulikula nini Jumanne ya wiki iliyopita, lakini siku ya kukimbia unakumbuka nguo uliyovaa, mbwa aliyekuwa anabweka, na upande gani moshi ulitokea. Hiyo ni kazi ya mwili. Mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini na noradrenalini, na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inaiambia ile hipokampasi: hili lishike, usiliachie. Ni ulinzi, ili kesho uijue hatari kabla haijafika.

Swali likawa: mbona wengine linawashika kuliko wengine? Mwaka 2007 walitoa jibu la kwanza. Kuna jeni iitwayo ADRA2B inayohusika na kupokea ile noradrenalini. Huko Uswisi, watu wenye umbo fulani la jeni hiyo walikumbuka zaidi picha za kufurahisha na za kuhuzunisha, siyo picha za kawaida. Kisha wakawapima wakimbizi wa Kinyarwanda wa Nakivale, watu waliopita katika vita na mauaji. Wale wenye umbo hilohilo walirudiwa zaidi na kumbukumbu za yaliyowapata.

Mwaka 2012 wakatoa lingine, juu ya jeni iitwayo PRKCA. Safari hii walishiriki manusura 347 wa mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokuwa wanaishi Nakivale. Kati yao 134 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ule wa kurudiwa na picha, kushtuka, kukosa usingizi na kukwepa kila kinachokumbusha. Umbo la jeni lililowasaidia vijana wa Uswisi kukumbuka vizuri ndilo lililokwenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya kiwewe kwa manusura wale.

Tulisoma hapo mara mbili, tatu. Uwezo uleule unaomfanya mwanafunzi asifiwe darasani unaweza kumfanya mtu mzima asilale usiku. Kumbe kichwa chepesi nacho kina mzigo wake.

Kwa hiyo mama anayepiga kelele usingizini miaka kumi baada ya kufika hapa, tusiseme amelogwa. Tusiseme imani yake ni ndogo. Tusiseme "mbona fulani alipita palepale na yuko mzima?" Mwili wake umeshika kwa nguvu kile ulichoambiwa ukishike.

HAKUNA JENI YA CHUMA

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kiwewe nacho ni damu ya ukoo. Watafiti haohao wa Nakivale walihesabu pia matukio mabaya ambayo kila mtu alipitia. Mwaka 2010 walieleza kwamba matukio hulundikana kama matofali: kadiri yanavyozidi, ndivyo hatari ya kiwewe inavyopanda. Kwa waliopitia mengi kupita kiasi, karibu kila mmoja aliugua wakati fulani, awe na jeni gani. Jeni zilibadilisha tu mapema au uchelewi wa mtu kufika hapo.

Yaani hakuna binadamu wa chuma. Aliyepona hana haki ya kumcheka aliyeanguka, kwa sababu pengine yeye alibeba matofali machache tu.

Jambo lingine mnaloweza kuuliza ni la mate na damu. Utafiti wa namna hii huchukua vinasaba vya mtu. Wakija watu wa utafiti kwenye kambi yoyote, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa: wanachukua nini, kwa ajili ya nini, na nani atakiona. Una haki ya kukubali, ya kukataa, na ya kuacha katikati. Kukataa hakutakiwi kukupunguzia posho wala huduma yoyote.

MAWE NA MAUA

Je, kumbukumbu iliyoshika kwa nguvu haiwezi kulegea? Inaweza, na hilo pia limeonekana Nakivale.

Ipo njia ya matibabu iliyotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Mgonjwa na mshauri wake wanatandaza kamba chini. Kamba hiyo ndiyo maisha yake, kuanzia kuzaliwa hadi leo. Kwa kila jambo baya anaweka jiwe, kwa kila jambo jema anaweka ua. Halafu, siku baada ya siku, anasimulia maisha yake yote kwa mpangilio, na akifika kwenye jiwe hawaliruki. Wanakaa hapo taratibu mpaka hofu ishuke. Mshauri anaandika, anamsomea, na mwisho mtu anakabidhiwa habari ya maisha yake yote ikiwa imeandikwa.

Kwa nini inasaidia? Kumbukumbu ya kiwewe ni kama jambo lisilo na tarehe. Likija linakuja kama linatokea sasa hivi. Likisimuliwa kwa mpangilio linapata mahali na mwaka wake, ubongo unaelewa kwamba lilikuwa, na limepita.

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida kutoka kwa wakimbizi wenyewe, waliopewa mafunzo mafupi. Mwisho wa ufuatiliaji, waliotibiwa kwa njia hii asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Kwa kundi lililopewa ushauri wa aina nyingine ilikuwa asilimia 65. Waliofuatiliwa tu bila matibabu ilikuwa asilimia 37. Kwa hiyo hata kichwa kilichopewa jeni za kushika sana kinaweza kutibika. Wenye shida hii waende kituo cha afya waulizie mshauri. Ila tusilazimishane kusimulia mbele za watu. Kazi ya mawe inahitaji aliyefundishwa.

NA WAZEE WETU?

Wengine mnatuuliza juu ya wazee wanaosahau. Ipo jeni iitwayo APOE ambayo umbo lake moja huongeza hatari ya ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, ule uitwao Alzheimer. Lakini watafiti walipowafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, matokeo waliyotoa mwaka 2001 yalionyesha kwamba ugonjwa huo uliwapata wazee wa Ibadan kwa kiwango kisichofika nusu ya wenzao. Na kule Ibadan jeni hiyo haikuonyesha nguvu ileile. Jeni haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na maisha unayoishi.

BINTI WA WINO MWEKUNDU

Tulimwahidi baba yule muhula mmoja, basi tukaenda nyumbani kwake, jambo ambalo tungelifanya mwanzoni kabisa.

Tulikuta hivi. Binti anaamka saa kumi usiku kushika nafasi ya ndoo kwenye bomba, maana ukichelewa foleni imefika barabarani. Kaka yake analala mpaka saa kumi na mbili. Na binti analala chumba kimoja na bibi, ambaye usiku huota vita, huamka akilia, na mjukuu ndiye anayemshika mkono mpaka atulie. Halafu mtoto huyo anakuja kwetu, anakaa nyuma katika darasa la watoto zaidi ya mia, anasinzia, na sisi tunaandika kwa wino mwekundu.

Wataalamu wanasema ubongo hupanga na kukaza yale tuliyojifunza mchana wakati tumelala. Huyu usingizi hana. Kichwa chake hakikuwa kizito, kilikuwa kimechoka na kimejaa.

Tulizungumza na baba mbele ya wote wawili. Alikaa kimya sana, kisha akasema: "Walimu, mimi nilikuwa nahesabu wajomba, kumbe nilitakiwa kuhesabu saa za usingizi." Foleni ya maji sasa wanapokezana, wiki ya kaka, wiki ya dada. Bibi alipelekwa kwa mshauri wa kituo cha afya, na anaendelea. Sisi tukamsogeza binti mbele.

Hatutaki kuwadanganya kwamba amekuwa wa kwanza. Hajawa. Kwenye historia alitoka na 5 juu ya 20 akafika 11. Kifaransa bado kinamsumbua. Lakini yupo shuleni, na mwezi huu alinyoosha mkono.

TUFANYE NINI NYUMBANI

1. Usingizi. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hivi na zaidi. Tugawane kazi za asubuhi kati ya wavulana na wasichana.

2. Chakula na afya. Chumvi yenye madini joto, maharage na mboga za majani husaidia ubongo, maana upungufu wa madini joto na wa madini ya chuma hupunguza uwezo wa kujifunza. Malaria kali ikipanda kichwani inaweza kuacha madhara kwenye ubongo. Chandarua ni cha kulalia, siyo cha kufugia kuku.

3. Kurudia kwa kuachia nafasi. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau haraka sana siku za mwanzo, na kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kunashinda kukariri kwa usiku mmoja. Rudieni somo kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki.

4. Daftari lifungwe. Jioni mwambie mtoto: funga daftari, nisimulie mlichojifunza. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza. Kule kujivuta kukumbuka ndiko kunakojenga.

5. Tumia tunachojua. Kama yule mkimbiaji na namba zake. Tarehe za historia ziwekeni kwenye wimbo, vitendawili na hadithi. Bibi zetu walijua koo saba bila daftari.

6. Tuchunge ndimi zetu. Mtoto akiambiwa kila siku "una kichwa cha wajomba", ataacha kujaribu. Na hapo tutakuwa tumemrithisha kitu ambacho hakikuwa kwenye jeni yoyote.

Hili la sita tunaanza nalo sisi walimu, kuanzia pale chini ya mti. Mkitusikia tunarudia maneno yale, tukumbusheni.

Maswali na maoni yenu andikeni, hata kwa kalamu ya risasi, muweke kwenye sanduku la shule. Asiyejua kuandika amtume mtoto. Mungu akijalia tuonane toleo lijalo.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.